Jairus Wesonga, Aliyechora Kifuniko Kabla ya Shimo

Usiku wa manane, saa aliyozaliwa, sauti iliyosikika kwanza kijijini haikuwa ya mtoto, ilikuwa ya sururu, ti, ti, ti, ikitoka chini ya ardhi kwenye boma la jirani, kwa sababu baba yake, Mzee Zephania Wesonga, mchimba visima, alikuwa ameona udongo umeanza kulowa jioni na akakataa kupanda juu kabla hajayafikia maji, na mkunga alipomtuma mtu akainame kwenye mdomo wa kisima aite, "Mzee, umepata kijana!", jibu lililopanda lilikuwa, "Na mimi nimepata maji, mwambieni anisubiri," na hivyo ndivyo Injinia Jairus Makokha Wesonga alivyoingia duniani, tarehe 14 Agosti 1974, huko Butula, wilaya ya Busia, nchini Kenya, akiwa kifungua mimba wa Mzee Zephania na marehemu Mama Rodah, akafuatwa na Shem, ambaye ndiye amesimama mbele yenu akisoma maneno haya kwa niaba ya familia, kwa kuwa Everlyn, mjane, aliyeyaandika, amesema sauti yake haitafika mwisho.

Ndugu waombolezaji, Everlyn anajua kuna neno ambalo wengi mmelingoja tangu mlipoingia ukumbini humu, hapa Dubai, nalo ni jinsi Jairus alivyofariki na kwa mkono wa nani, anajua kwa sababu mmemwuliza kwenye ngazi, kwenye simu, hata kwenye foleni ya kuuona mwili, na neno hilo litafika mahali pake, lakini mtu hakuzaliwa siku aliyokufa, kwa hiyo mtuvumilie tuanze na kisima.

Mzee Zephania alikuwa na desturi ambayo hakuivunja hata siku moja, kabla ya kushuka kisimani aliwasha koroboi, akaifunga kamba, akaishusha polepole mpaka chini, na Jairus tangu akiwa mdogo ndiye aliyekabidhiwa kamba, kazi yake ikiwa kuitazama ile taa, ikiendelea kuwaka mzee anashuka, ikizimika hewa ya chini ni mbaya na hakuna wa kushuka, hata kama mwenye boma anagomba, hata kama chakula kiko mezani. Jairus alisoma Shule ya Msingi Namusala kuanzia mwaka 1981 hadi 1988, kisha sekondari huko huko Busia kuanzia 1989 hadi 1992, akapata nafasi ya chuo kikuu jijini Nairobi, na baada ya migomo na chuo kufungwa na kufunguliwa na kufungwa tena, akahitimu uhandisi wa ujenzi mwaka 1999, na mzee aliposikia kwamba mwanawe amekuwa injinia aliuliza swali moja tu, "Kwa hiyo sasa atachimba kwa kalamu?"

Mwaka 2000 aliajiriwa na baraza la mji mmoja wa magharibi mwa Kenya, ambao familia imeona si vyema kuutaja, na huko akakuta dampo limewekwa juu ya mteremko, taka zimemwagwa juu ya udongo mtupu, zinawaka moshi mchana na usiku, na chini ya mteremko ule kulikuwa na kisima alichokichimba baba yake mwenyewe, mvua za Aprili zilipokolea maji ya kisima kile yakatoka rangi ya chai ya rangi na harufu yake mnaijua, na Jairus ndiye aliyelazimika kwenda kumwambia mzee, "Baba, kisima chako hakina kosa, kosa liko huko juu," na mzee hakubishana, alichukua jembe akakifukia mwenyewe, siku nzima, bila kutaka msaada wa mtu. Everlyn alisimuliwa jambo hilo mara nyingi, na kila mara Jairus alipofika kwenye jembe aliinuka akaenda dirishani.

Alifika Dubai mwezi wa Septemba 2003, akaajiriwa na kampuni ya ushauri wa uhandisi iliyopewa kazi ya kusanifu dampo jipya jangwani, na hapo ndipo wenzake walipoanza kumshangaa, kwa maana wengine walianza na shimo, upana wake, kina chake, njia ya malori, yeye akaanza na kifuniko, akachora kwanza siku ambayo dampo litajaa na kufungwa, mchanga utakaa vipi, mteremko utaelekea wapi, mabomba ya kutolea gesi yatasimama wapi, ndipo akarudi nyuma kuchora shimo lenyewe, na walipomtania, "Jairus, unazika mtoto hajazaliwa!", aliwajibu kwamba siku ya kufungua kila mtu yupo na picha zinapigwa, lakini siku ya kufunga watu wamechoka na waliochora wamesharudi kwao, kwa hiyo kifuniko ndicho kinachotaka akili ikiwa bado mpya.

Kwa sisi ambao hatukusoma mambo hayo alieleza kwa sufuria, akasema dampo ni sufuria iliyo jikoni kwa miaka thelathini, chini lazima isivuje, ndiyo maana akaweka udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, juu yake plastiki nyeusi nene iliyounganishwa kwa moto, juu yake kokoto na mabomba yenye matundu, ili maji meusi yanayochuruzika kwenye taka yasiende ardhini bali yafike kwenye chemba na kuvutwa na pampu, kila jioni taka zifunikwe mchanga, ndege wasishuke na moto usianze, na juu kabisa kifuniko kiwe na matundu, kwa sababu taka zikishafunikwa hazilali, zinachemka, zinatoa gesi, na sufuria inayochemka ukiiziba kabisa, unajua mwenyewe. Akachora na mitaro ya mvua, na wakamcheka tena, "Hii mvua utaileta kwa ndege kutoka Busia?", akacheka nao, lakini mitaro hakuifuta.

Na alikutana na Everlyn kwa sababu ya taka, hilo asisingiziwe mtu mwingine, ilikuwa mwaka 2004, Everlyn akifanya kazi jikoni kwenye hoteli moja ya Marina, ametoka kidato cha nne na mwaka mmoja wa kukaa nyumbani, akamwona mwanamume mwenye tai amesimama kwenye mlango wa nyuma akitazama mapipa ya makombo kwa makini sana, akamhurumia, akamfungia wali na kuku kwenye karatasi ya foili, akampelekea, "Kaka, kula basi, usiaibike, wote tumewahi kukwama," na Jairus akapokea kwa mikono miwili, akala pale pale amesimama, akamaliza, ndipo akasema, "Asante dada, sasa niambie, chakula kama hiki mnatupa mapipa mangapi kwa siku?", kwa kuwa alikuwa amekuja kupima jinsi taka za mji zilivyo na majimaji, na Everlyn alitamani lami impasukie aingie. Walifunga ndoa tarehe 10 Desemba 2005 huko Butula, Mzee Zephania akatoa maji ya kisima chake wageni wote wakanywa kabla ya soda, wakarudi Dubai, wakapanga nyumba mtaa wa International City, na Mungu akawajalia Serah tarehe 2 Oktoba 2006, na Zephania mdogo tarehe 19 Novemba 2007, huyu aliye mgongoni mwa mama yake sasa hivi, ambaye akilia mtatusamehe.

Mwisho wa mwaka huo wa 2007 sehemu ya kwanza ya dampo ilikuwa imejaa, imefunikwa mchanga, mabomba ya gesi yamesimama, yale aliyoyachora kabla ya shimo, na Jairus alifurahi kama mtu anayeandaa harusi. Mbao za onyo zilikuwa zimeandikwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiurdu, usiwashe moto, usifungue chemba bila kipima gesi, lakini walinzi na wahudumu wa pampu wengi walikuwa watu wetu, Wakenya, Watanzania, Waganda, kwa hiyo alhamisi moja jioni mwezi wa Desemba akawakusanya na kuwaeleza kwa Kiswahili, na ili wasisinzie akaanza na baba yake, akaigiza ile koroboi, akashika kamba isiyokuwepo, akainama juu ya kisima kisichokuwepo, akasema, "Hewa mbaya haina rangi wala harufu, inakulaza tu, lakini taa inakwambia," wakacheka, wakampigia makofi, mmoja akapaza sauti, "Kumbe injinia ni mchimba visima aliyevaa tai!", naye akacheka, akanyoosha kidole aendelee, na hapo basi la kuwarudisha kambini likapiga honi, dereva akaita yalla, yalla, haya twendeni, waliokaa nyuma wakakimbilia viti, na waliobaki mbele ndio waliosikia nusu iliyobaki, kwamba dampo ni kinyume cha kisima, kisimani hewa mbaya huizima taa, hapa gesi hunywa ule moto na kukurudishia wote usoni.

Alirudi nyumbani jioni hiyo amechangamka, akamsimulia Everlyn, akasema, "Leo wamenielewa, Mama Serah, walicheka mpaka machozi," na Everlyn akamwuliza, "Wote?", akasema, "Wale wa nyuma walikimbia basi, nitawarudia," na hakuwarudia, kwa kuwa Januari ilikuja na mvua.

Mliokuwepo mnakumbuka mvua ile, magari yalivyosimama barabarani, maji yalivyoingia maghorofa ya chini hapa International City, na huko dampo maji meusi yakapanda kwenye chemba, pampu ikakwama kwa mifuko na matambara. Ijumaa tarehe 18 Januari 2008, siku ambayo ofisi imefungwa, Jairus aliondoka nyumbani baada ya ibada kwenda tu kutazama mitaro yake kama imefanya kazi, akamwambia Everlyn aweke ugali saa kumi, na mitaro ilikuwa imefanya kazi, hilo alilisema mwenyewe baadaye, maji ya kifuniko yote yalikuwa yamekwenda pembeni, lakini alipogeuka kutazama upande wa chemba akaona mfuniko umefunguliwa, na mtu amepiga magoti, na mkononi ana kamba, na kwenye ncha ya kamba kuna kopo la maziwa lenye mshumaa.

Ndugu zangu, yule mtu hakuwa mwizi, hakuwa mlevi, hakuwa akivuta sigara kama inavyosemwa mtaani Satwa, alitaka kushuka aitoe mifuko iliyokwamisha pampu maji yasifurike, kipima gesi kilikuwa kimefungiwa ofisini na mwenye ufunguo yuko mapumzikoni, akakumbuka somo la injinia, akajitengenezea taa ya Mzee Zephania, akaifunga kamba, akainama, kwa uangalifu wote, ili asife. Jairus alipiga kelele, alikimbia, alimfikia, alimsukuma akaanguka mbali upande wa mchanga, na alipoinama kuikamata ile kamba aivute juu ndipo chemba ikawaka.

Alilazwa siku hiyo hiyo katika wodi ya walioungua, uso, kifua na koo, na Everlyn alikaa naye, Zephania mdogo akilala kwenye kiti, na jumapili sauti ilipomrudia kidogo Jairus alimwita asogeze sikio, akasema, "Ni taa ya baba," Everlyn akadhani ni homa, akasema tena, "Mabomba yangu hayana kosa. Ni taa ya baba. Nilisema nusu, basi likapiga honi," ndipo akamweleza yote, na Everlyn akauliza, kwa hasira, Mungu amsamehe, "Ni nani?", naye akamtajia jina, kisha akamshika mkono kwa vile vidole vilivyofungwa bandeji, akasema, "Usiwape. Watamfunga. Ana watoto kama sisi. Mama Serah, kati ya wote wanaosinzia nikifundisha, yeye alikumbuka kupima." Jairus alifariki jumatano tarehe 23 Januari 2008, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka thelathini na mitatu.

Sasa tumefika mahali penyewe, na Everlyn anaomba Shem asisome haraka.

Kesho yake, alhamisi, mkubwa mmoja wa kazini alikuja nyumbani, akavua viatu mlangoni vizuri tu, akatoa pole, akakaa, akasema, "Madam, uchunguzi unataka jibu, moto uliwashwa na mtu, au ulitokana na ramani ya mumeo, hakuna njia ya tatu, na wale wanne waliokuwa zamu wote wanasema hawakuona kitu," akaeleza kwamba kama hakuna mtu basi ramani ndiyo yenye kosa, na kama ramani ina kosa yale mabomba ya gesi yatazibwa yote na sehemu ile ifunikwe kabisa mpaka wapatikane wataalamu wengine, na alipoinuka akamtazama mtoto, akasema viza ya madam na watoto iko chini ya jina la marehemu, umebaki mwezi mmoja tu, kampuni inaweza kusaidia, inshallah, madam akikumbuka.

Everlyn hajalala tangu siku hiyo, akisikia lifti inasimama ghorofani anamziba Serah mdomo, anaogopa, na haoni haya kuliandika hilo, kwa sababu akitaja jina anavunja neno aliloshikwa mkono akapewa, na akinyamaza jina la Jairus linakwenda kuzikwa Butula likiwa limepakwa masizi, na zaidi ya jina, mabanda wanayolala watu wa zamu ya usiku yako chini ya sehemu ile ile, na yeye, ambaye hesabu ya sekondari ilimshinda, anajua sufuria ikizibwa matundu inafanya nini, kwa kuwa alielezwa na mwenye kuichora, akiwa amekaa pale mezani anakunja chapati.

Kwa hiyo wakubwa wa ofisi mlioketi safu ya mbele, mtatafsiriwa na Bwana Yaqoub aliye pembeni yenu, Everlyn anasema hivi, moto ulianzia kwenye mshumaa ulioshushwa ndani ya chemba kwa kamba, haukuanzia kwenye bomba, Jairus aliuona kwa macho yake na akasema akiwa na akili zake, kamba iliyoungua ilikutwa shingoni mwa chemba na waliouzima moto wameiona, kwa hiyo msizibe yale mabomba, yaacheni wazi kama yalivyochorwa, hamisheni yale mabanda kabla ya kitu kingine chochote, na kipima gesi kikae mikononi mwa walio zamu, ijumaa na siku zote, na mfundisheni kila mtu kwa lugha yake, mpaka mwisho wa maneno, hata basi likipiga honi. Habari ya mkono ulioshika kamba msimwulize Everlyn tena, si mlangoni, si kwa viza, mkitaka kumrudisha Kenya mrudisheni, tiketi ya mtoto mchanga ni magoti ya mama yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ile ambao walizungumza na Jairus hata alipokuwa hawezi kujibu, inamshukuru Bi Asila wa Rashidiya, Mzanzibari ambaye hakuwa akitufahamu kabla, aliyesikia msikitini kwao kwamba kuna mjane mwenye mtoto mchanga, akaja na sufuria ya uji wa pilipili manga, akasema, "Mwanangu, kaa kitako unywe, kulia kwataka nguvu," akamwogesha Zephania mdogo kila asubuhi mpaka leo, inamshukuru jirani Marietha aliyelala na Serah, wafanyakazi wenzake waliozunguka ofisi moja hadi nyingine kutafuta ruhusa ya kuusafirisha mwili, wenzake Everlyn wa jikoni Marina, na wale wanne wa zamu ile, wote wanne, ambao wamekuja, tumewaona, karibuni mle pamoja nasi, na mwili utaondoka kesho usiku kwenda Nairobi na kutoka hapo Butula, ambako Mzee Zephania amekataa kaburi lichimbwe na mtu mwingine.

Bado jambo moja, ndipo Shem akae. Mzee alipiga simu jumamosi, kwa simu ya jirani, Everlyn akasikia kuku nyuma yake, na mzee hakuuliza kuhusu mwili wala jeneza, aliuliza, "Mama Serah, kulikuwa na taa?", naye akasema ilikuwepo, baba, mzee akauliza aliyeishika, na kwa kuwa aliyekufa ni mwanawe Everlyn akamtajia jina, mzee huyo peke yake, na mzee akasema, "Mwambie huyo mtu ile taa ni yangu. Mimi nilimpa Jairus, Jairus akampa yeye. Akifika Kenya aje Butula anywe maji."

Basi umesikia, ndugu, popote ulipoketi humu, ujumbe umekufikia na hakuna aliyekutazama. Na wewe Baba Serah, pumzika sasa, mabomba yako yanapumua, mitaro yako imekauka, mzee anakungoja na maji yake, na jina ulilomtajia mkeo analo baba yako, halipo kwa mwingine, na Everlyn anakuahidi mbele ya watu hawa wote kwamba hatamwambia mtu mwingine.